SURA YA TISA: UWIANO NA MAFUMBO YAKE

Katika sura iliyotangulia ulijifunza kwamba vitu vinapochanganywa, kila kimoja huingia kwa kiasi chake. Katika sura hii utajifunza kulinganisha viasi hivyo. Kulinganisha huko huitwa uwiano. Somo hili utalikuta tena katika kitabu cha hesabu, na utalikuta katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa mwaka 1973. Katika mtihani halitakuja pamoja na kikombe wala kijiko. Litakuja kwa maneno tu, yaani fumbo. Wanafunzi wengi wanajua kuzidisha na kugawanya vizuri kabisa, lakini hukosa mafumbo ya uwiano kwa sababu hawaoni kwa macho ya akili kile kinachosemwa. Kwa hiyo tutaanza kwa kuona, ndipo tuhesabu.

Jaribio la 1: Maji ya machungwa

Vifaa vinavyotakiwa ni machungwa mawili au matatu yaliyoiva, kijiko kikubwa kimoja, vikombe vitatu, chujio, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikiwa unakaa Muheza hutapata taabu ya kutafuta machungwa. Msimu wake ukifika hupangwa mafungu mafungu kando ya barabara iendayo Tanga, na abiria wa mabasi huyanunua madirishani. Ikiwa unakaa mbali na huko, tumia limau na sukari kidogo.

Kamua machungwa na uchuje kokwa zake. Andika A, B na C katika vikombe vitatu. Katika kikombe A tia kijiko 1 cha maji ya machungwa na vijiko 2 vya maji matupu. Katika kikombe B tia vijiko 3 vya maji ya machungwa na vijiko 6 vya maji. Katika kikombe C tia vijiko 3 vya maji ya machungwa na vijiko 9 vya maji. Koroga kila kikombe. Kisha mwambie mwenzako afumbe macho, aonje kidogo kutoka katika kila kikombe, na aseme ni vikombe vipi vyenye ladha moja.

Je, alisema nini? Andika jibu lake katika daftari lako.

Bila shaka aliona kwamba A na B vina ladha moja, na kwamba C kimepooza. Hebu fikiri juu ya jambo hili. Kikombe C kina maji ya machungwa mara tatu ya yale yaliyomo katika kikombe A. Kwa nini basi ladha yake ni hafifu? Ni kwa sababu ulimi haukuonja idadi ya vijiko vya machungwa. Ulionja machungwa yakilinganishwa na maji yaliyotiwa pamoja nayo.

Katika kikombe A tunasema kwamba uwiano wa maji ya machungwa kwa maji matupu ni 1:2. Husomwa "moja kwa mbili". Katika kikombe B uwiano ni 3:6. Tukigawanya kila upande kwa 3 tunapata 1:2, uwiano ule ule wa kikombe A. Katika kikombe C uwiano ni 3:9, yaani 1:3.

Angalia mpangilio wa maneno. Tumetaja machungwa kwanza, kwa hiyo tarakimu ya machungwa imeandikwa kwanza. Mtu akiandika 2:1 amesema jambo jingine kabisa, na mwenye kunywa atakunja uso.

Sasa jibu swali hili kabla ya kuendelea kusoma. Je, maji ya machungwa ni nusu ya vyote vilivyomo katika kikombe A?

Ukijibu ndiyo, hesabu tena vijiko. Kikombe A kina vijiko 3 jumla. Kijiko kimoja tu ndicho cha machungwa. Basi machungwa ni theluthi moja ya kikombe, wala si nusu. Tarakimu 1:2 hazikukudanganya. Zililinganisha machungwa na maji, nawe ulidhani zinalinganisha machungwa na kikombe kizima. Kosa hili ni dogo kwa kulitazama, nalo ndilo linalopoteza alama nyingi kuliko kosa jingine lolote katika mafumbo ya uwiano. Tutalichunguza katika zao la mkonge.

Sehemu kwa sehemu, na sehemu kwa jumla

Mkonge si mmea wa asili wa nchi yetu. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja jina lake Richard Hindorf aliagiza miche 1000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche 62 tu ndiyo iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai. Mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani yalianza na miche hiyo. Karibu na Ngomeni, katika wilaya ya Muheza, kuna kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichoanzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya zao hili. Neno mlingano utalikuta pia katika hesabu. Maana yake ni usemi wenye alama ya sawasawa katikati yake. Hatukuchagua mfano huu kwa ajili ya jina hilo, lakini jina linafaa.

Majani ya mkonge yakikatwa hupelekwa katika mashine iitwayo korona. (Jina hilo la mashine ni la kale kuliko ugonjwa ulioenea duniani mwaka 2020.) Mashine huiponda nyama ya jani na kuiondoa kwa maji, zikabaki nyuzi nyeupe ambazo watu wa Tanga huziita singa. Singa hutundikwa juani zikauke, kisha hupigwa brashi na kufungwa marobota. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu ni kama kilo 4 tu. Kilo 96 zilizobaki ni maji na nyama ya jani.

Twaweza kuandika uwiano wa aina mbili kutokana na habari hiyo.

Uwiano wa singa kwa masalia ni 4:96, yaani 1:24. Huu ni uwiano wa sehemu kwa sehemu.

Uwiano wa singa kwa majani yote ni 4:100, yaani 1:25. Huu ni uwiano wa sehemu kwa jumla.

Wote wawili ni sahihi. Lakini huwezi kuutumia mmoja mahali pa mwingine. Tuseme mkulima amepeleka kiwandani kilo 5000 za majani, naye amekwisha kuambiwa kwamba uwiano wa singa kwa masalia ni 1:24. Je, atapata kilo ngapi za singa?

Mwanafunzi mwenye haraka atagawanya 5000 kwa 24, apate 208 na kitu. Mwanafunzi anayetafakari atasema hivi: sehemu moja ni singa, sehemu ishirini na nne ni masalia, basi majani yote ni sehemu ishirini na tano. Atagawanya 5000 kwa 25, apate 200. Jibu sahihi ni kilo 200. Kilo nane za yule wa kwanza hazikuwako shambani wala kiwandani. Na mkulima akimwahidi mnunuzi kilo 208, itamlazimu kueleza zilikokwenda.

Hakikisha jibu daima kwa kurudi nyuma. Singa ni kilo 200. Masalia ni mara 24 ya hizo, yaani kilo 4800. Jumla ya 200 na 4800 ni 5000. Hesabu imefunga.

Uwiano unaookoa maisha

Mtu anapohara, mwili wake hupoteza maji mengi pamoja na chumvi zilizomo ndani yake. Mtoto mdogo hupungukiwa haraka sana. Macho huingia ndani, midomo hukauka, naye hulia bila machozi. Asiporudishiwa maji aweza kufa, na kwa ugonjwa wa kipindupindu aweza kufa siku ile ile. Maji matupu hayatoshi kumrudisha. Katika ukuta wa utumbo mwembamba chumvi na sukari hupita pamoja kuingia katika damu, na zikipita maji huzifuata. Kwa hiyo mgonjwa hunyweshwa maji, chumvi na sukari kwa uwiano maalumu.

Jambo hili lilithibitika mahali pagumu. Mwaka 1971 kulikuwa na vita katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, na wakimbizi wengi walivuka mpaka kuingia India. Katika mji wa Bongaon kipindupindu kiliwakumba. Maji ya kutia mishipani yalipokuwa yakiisha, daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, alichanganya chumvi na glukosi, ambayo ni aina ya sukari, katika maji, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Miongoni mwa wale walionyweshwa mchanganyiko ule, walikufa chini ya 4 katika kila 100.

Tuchukue 4. Uwiano wa waliokufa kwa waliopona ulikuwa 30:70, yaani 3:7. Ukawa 4:96, yaani 1:24. Tarakimu hizi za mwisho umekwisha kuziona katika mkonge. Hapa zinahesabu watu.

Leo zahanati hutoa pakiti za ORS, na watoto hupewa pia vidonge vya zinki. Tangu mwaka 2002, kwa shauri la Shirika la Afya Duniani na UNICEF, pakiti ya lita 1 ya maji hutiwa glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, na chumvi nyingine za aina mbili, moja gramu 2.9 na moja gramu 1.5. Zijumlishe, uone kama utapata gramu 20.5.

Ikiwa pakiti haipatikani, mchanganyiko waweza kutengenezwa nyumbani wakati mgonjwa akiandaliwa kupelekwa zahanati. Maji safi lita 1 hutiwa vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kisawazishwe kwa ukingo wa kisu, kisiwe na kichuguu juu yake. Uwiano wa chumvi kwa sukari ni nusu kwa sita. Zidisha kila upande kwa 2 ili kuondoa nusu: 1:12.

Jaribio la 2: Kupima kwa kijiko

Fanya jaribio hili mbele ya mwalimu. Pima maji safi lita 1 katika jagi. Tia nusu kijiko cha chumvi na ukoroge mpaka chumvi isionekane. Onja. Ladha yake isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya. Ndipo utie sukari vijiko 6.

Sasa twende kwenye hesabu yake. Chupa za maji zinazouzwa madukani si zote za lita moja. Ziko za nusu lita na za lita moja na nusu. Nakili jedwali hili katika daftari lako na ujaze mahali palipo wazi.

Maji: lita 1. Sukari: vijiko 6. Chumvi: nusu kijiko.
Maji: nusu lita. Sukari: vijiko 3. Chumvi: ..........
Maji: lita 1½. Sukari: .......... Chumvi: robo tatu ya kijiko.
Maji: lita 3. Sukari: .......... Chumvi: ..........

Umeona kwamba vitu vyote vitatu vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Mtu anayekumbuka 1:12 peke yake, akasahau maji, aweza kutia nusu kijiko cha chumvi na vijiko sita vya sukari katika chupa ya nusu lita. Uwiano wa chumvi kwa sukari utakuwa sahihi, lakini mchanganyiko utakuwa mkali maradufu. Na mtu anayegeuza mpangilio, akatia sukari mahali pa chumvi na chumvi mahali pa sukari, atakuwa ametia chumvi mara 12 ya ile inayotakiwa. Chumvi nyingi namna hiyo huvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza, nayo yaweza kumwua mtoto. Katika daftari, kugeuza mpangilio hugharimu alama moja.

Kufumbua mafumbo

Sasa tuko tayari kwa mafumbo. Fumbo la uwiano hukupa vitu viwili: uwiano wenyewe, na idadi moja ya kweli. Kazi yako ya kwanza si kuhesabu. Kazi yako ya kwanza ni kuuliza: idadi hii ni ya nini? Yaweza kuwa ya jumla. Yaweza kuwa ya sehemu moja. Au yaweza kuwa ya tofauti, yaani jinsi sehemu moja inavyozidi nyingine.

Ili uone wazi, chora visanduku. Tuseme uwiano wa michungwa kwa minazi katika shamba la shule ni 5:3. Chora hivi:

Michungwa: ☐ ☐ ☐ ☐ ☐
Minazi: ☐ ☐ ☐

Visanduku vyote vina idadi sawa ya miti ndani yake. Bado hatujui ni miti mingapi. Tutapewa idadi moja tu, 240, lakini tutapewa kwa namna tatu mbalimbali.

Fumbo la kwanza. Shule ina miti 240, michungwa na minazi. Uwiano wa michungwa kwa minazi ni 5:3. Je, minazi ni mingapi?

Hapa 240 ni jumla. Inajaza visanduku vyote, na visanduku vyote ni 8. Kila kimoja kina 240 ÷ 8 = 30. Minazi ina visanduku 3, basi ni 30 × 3 = 90.

Katika maswali ya kuchagua, mara nyingi majibu matano huandikwa chini ya swali, nawe huchagua moja. Fumbo letu laweza kuandikwa hivi: A. 30, B. 80, C. 90, D. 144, E. 150. Usidhani kwamba yale manne yasiyo sahihi yameokotwa popote. Anayepata 30 amegawanya vizuri akasahau kuzidisha. Anayepata 80 amegawanya 240 kwa 3. Anayepata 144 amechukua tatu ya tano ya 240, kana kwamba 240 ni michungwa peke yake. Anayepata 150 amehesabu vizuri kabisa, lakini ameleta michungwa naye aliulizwa minazi. Kwa hiyo kuliona jibu lako limeandikwa pale si ushahidi kwamba ni sahihi. Mtunzi wa swali anayajua makosa yetu na ameyawekea nafasi.

Fumbo la pili. Uwiano wa michungwa kwa minazi ni 5:3. Michungwa ni 240. Je, minazi ni mingapi?

Soma tena. Sasa 240 ni sehemu moja, nayo inajaza visanduku 5 vya juu tu. Kila kisanduku kina 240 ÷ 5 = 48. Minazi ni 48 × 3 = 144. Jibu lililokuwa kosa katika fumbo la kwanza sasa ndilo sahihi.

Fumbo la tatu. Uwiano wa michungwa kwa minazi ni 5:3. Michungwa imezidi minazi kwa miti 240. Je, minazi ni mingapi?

Tazama visanduku vyako. Safu ya juu imezidi safu ya chini kwa visanduku 2. Miti 240 imo katika hivyo viwili. Kila kimoja kina 120. Minazi ni 360, na michungwa ni 600. Hakikisha: 600 toa 360 ni 240.

Uwiano ni ule ule, idadi ni ile ile, na majibu ni 90, 144 na 360. Kilichobadilika ni maneno machache. Maneno yanayoonyesha jumla ni kama "wote", "kwa pamoja", "waligawana". Maneno yanayoonyesha tofauti ni kama "imezidi", "pungufu ya", "zaidi ya". Lakini usitegemee orodha ya maneno peke yake, kwa maana mtunzi aweza kusema "shamba lina miti 240" bila kutaja neno jumla. Tegemea mchoro.

Yako mafumbo yenye vipimo viwili tofauti, kama vile gramu 500 kwa kilo 2. Geuza kwanza viwe vya aina moja: gramu 500 kwa gramu 2000, yaani 1:4. Hapa hapana la zaidi.

Aina nyingine inataka uangalifu zaidi, nayo ni ile ambayo uwiano hubadilika. Rudi kwenye vikombe vyetu. Kikombe B kilikuwa na machungwa 3 kwa maji 6. Ni maji kiasi gani yaongezwe ili kiwe na ladha ya kikombe C? Jiulize ni kitu gani ambacho hakikuguswa. Ni machungwa, yalikuwa vijiko 3 na yamebaki vijiko 3. Katika uwiano wa 1:3, machungwa vijiko 3 yanataka maji vijiko 9. Yamo tayari 6, basi ongeza 3. Katika mafumbo ya namna hii shika kile kisichobadilika, kingine kitapatikana.

Usichanganye hayo na mafumbo ya wachumaji. Tuseme wachumaji 4 humaliza kuchuma shamba la michungwa kwa siku 6. Wakiwa 8 hawatachukua siku 12; watachukua siku 3, ikiwa wanafanya kazi kwa kasi ile ile. Hapo kimoja kikipanda kingine hushuka. Somo lake ni la sura nyingine, lakini fumbo lake hupenda kukaa karibu na haya ya kwetu katika karatasi ya mtihani.

Neno moja juu ya zege. Mafundi wengi huchanganya saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1:2:4. Fumbo likikuuliza ndoo za vitu vilivyotumika, sehemu zote ni 1 + 2 + 4 = 7, nawe fanya kama ulivyofanya kwa miti. Lakini mwulize fundi kama ndoo saba hizo zimempa ndoo saba za zege, naye atacheka. Jaribu mwenyewe: changanya kopo moja la maharage na kopo moja la mchanga mkavu, kisha upime tena. Makopo hayatafika mawili. Mchanga umeingia katika nafasi zilizokuwa kati ya maharage. Uzito ungejumlika sawasawa, ujazo haukujumlika. Ndiyo sababu katika mkonge tulihesabu kwa kilo.

Zoezi

1. Mwanaidi alichanganya vijiko 4 vya maji ya limau na vijiko 20 vya maji. Andika uwiano wa limau kwa maji. Kisha andika uwiano wa limau kwa mchanganyiko wote.

2. Katika miche 1000 ya mkonge iliyoagizwa mwaka 1893, miche 62 ilifika hai. Andika kwa njia rahisi uwiano wa iliyofika hai kwa iliyokufa. Je, huu ni uwiano wa sehemu kwa sehemu, au wa sehemu kwa jumla?

3. Uwiano wa singa kwa masalia ni 1:24. Kiwanda kimepata singa kavu kilo 320. Majani yaliyoletwa yalikuwa kilo ngapi?

4. Hatibu na Salimu waligawana matenga 56 ya machungwa kwa uwiano wa 3:4. Salimu alipata matenga mangapi?

5. Uwiano wa wavulana kwa wasichana katika darasa ni 4:5. Wasichana wamezidi wavulana kwa 6. Darasa lina wanafunzi wangapi? Chora visanduku kabla ya kuhesabu.

6. Tunga majibu manne yasiyo sahihi kwa swali la 4, na kando ya kila moja andika kosa ambalo lingemfikisha mwanafunzi hapo. Mpe mwenzako achague, uone kama atanaswa.

7. Mama mmoja alikuwa na haraka. Alimimina pakiti nzima ya ORS, ambayo ni ya lita 1, katika chupa ya nusu lita iliyojaa maji, akaitikisa. Mtoto alikuwa hajanywa bado.
(a) Nusu lita hiyo ina gramu ngapi za dawa? Ilipaswa kuwa na gramu ngapi?
(b) Mama akiimimina katika jagi kubwa, aongeze maji kiasi gani?
(c) Wakati wa kumimina, nusu ya dawa ilimwagika chini, ikabaki robo lita. Sasa aongeze maji kiasi gani, na mtoto atakuwa na kiasi gani cha kunywa?